Je, Wajua? Paa la Daraja Si la Mpita Njia

Je, wajua kwamba madaraja ya mbao ya kale yaliezekwa ili mbao zisioze, wala si kumkinga mvukaji na mvua? Boriti na viungo vya kenchi vikilowa na kukauka mwaka nenda mwaka rudi, huoza. Paa likipokea maji hayo, fundi hubadilisha vigae tu, na kenchi hudumu kwa vizazi.

Ushahidi uko Lucerne, Uswisi. Kapellbrücke, lililojengwa karne ya 14 juu ya mto Reuss, ndilo daraja kongwe zaidi la mbao lenye paa barani Ulaya. Lilikuwa sehemu ya ngome ya mji. Mnara wa mawe wenye pembe nane ulio ubavuni mwake ni mkongwe kuliko daraja hilo. Umewahi kuwa hazina, gereza na hata chumba cha mateso.

Utajiri mkubwa wa daraja ulikuwa juu, chini ya paa. Katika karne ya 17 zilipachikwa humo picha 158 za pembetatu, nyingi zikiwa kazi ya Hans Heinrich Wägmann, zikisimulia historia ya mji na watakatifu wake, Leodegar na Mauritius. Ndivyo watu walivyosomeshwa historia yao wakienda sokoni!

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1993, moto ulilivamia daraja. Paa lililozilinda mbao na maji kwa karne nyingi lilikuwa limezikausha vizuri mno, na takriban theluthi mbili ya picha ziliteketea. Mnara ulisalimika. Tarehe 14 Aprili 1994 daraja lilifunguliwa tena, kazi ya kusifiwa kwa kweli. Lakini picha zilizorudishwa kikamilifu ni 30 tu. Boriti mpya huchongwa. Mkono wa Wägmann hauchongwi. Zilizookoka bila kuguswa ni zile zilizokuwa ghalani tangu karne ya 19, daraja lilipofupishwa.

Ukishuka na mto kidogo kuna daraja jingine la mbao lenye paa, Spreuerbrücke. Hapo ndipo wenye vinu waliporuhusiwa kumwaga makapi mtoni, kwa kuwa lilikuwa daraja la mwisho na uchafu haukupita tena mjini. Picha zake za karne ya 17, za Kaspar Meglinger, zinaonyesha Mauti akicheza na matajiri kwa maskini. Ukifika Lucerne, usiishie Kapellbrücke; tembea mpaka huko, uinue macho.