Farasi Hafunzwi kwa Fimbo

Ndugu msomaji, ukifika pwani ya Kendwa, kaskazini ya Unguja, wakati wa jioni, huenda ukaona farasi. Wanatembea juu ya mchanga, na wageni wamewapanda. Watoto husimama kuwatazama, maana farasi si wengi kisiwani kwetu. Sisi tumezoea zaidi punda, na ng'ombe wa kukokota gari.

Je, msichana wa Unguja anaweza kumlea farasi, kumfunza na kumpanda? Kabla ya kujibu, tusome habari za Salme.

BINTI WA MTONI

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Magofu ya jumba hilo yapo mpaka leo. Baba yake alikuwa Sayyid Said, aliyetawala Unguja na Omani. Salme alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu cha maisha yake. Kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886.

Katika kitabu hicho ameeleza jinsi watoto wa jumbani walivyofunzwa kupanda wanyama. Mtoto akitimiza miaka 5 alianza mafunzo, asubuhi na jioni. Akishajua vizuri, baba alimpa mnyama wake mwenyewe.

Lakini zawadi hazikuwa sawa. Wavulana walichagua farasi. Wasichana walipewa punda weupe wakubwa wa Maskati. Punda hao walikuwa wa bei kubwa na walipambwa vizuri. Hata hivyo, farasi walikuwa wa wavulana.

Baadaye Salme na mama yake walihamia mjini, katika nyumba ya kaka yake, Majid. Majid hakumbagua ndugu yake kwa kuwa ni msichana. Alimfunza kupanda farasi na kupiga bunduki. Mama alishtuka. Salme alifurahi, akayapenda mazoezi hayo kuliko kukaa na kushona.

Basi jibu letu ni hili: msichana anaweza, ikiwa yupo wa kumfunza.

KAZI HUANZA KABLA YA KUPANDA

Farasi jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hivi. Mtoto wake husimama siku ile ile anayozaliwa. Hapo ndipo kazi ya mlezi inapoanza. Kila siku humwendea kwa upole na kumwita kwa sauti ile ile. Humpapasa shingo, halafu mgongo, halafu miguu. Mwisho mtoto huyo hukubali kuinua mguu ili ukwato usafishwe. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Baadaye humzoesha kufungwa kamba kichwani na kutembea naye. Lakini asimpande upesi. Farasi hungojewa mpaka afike miaka 3 hivi, kwani mifupa yake bado haijakomaa.

Kwa nini fimbo haifai? Farasi ni mnyama ambaye kinga yake ni kukimbia. Ukimpiga atajifunza jambo moja tu: kwamba wewe ni hatari. Atakukimbia, au atakupiga teke.

Mlezi mzuri husoma masikio ya farasi kama wewe unavyosoma gazeti hili. Masikio yakielekea mbele, farasi anasikiliza. Akiyalaza nyuma kabisa, amekasirika. Tena, usimjie farasi kwa nyuma, maana huko haoni. Mjie kwa ubavuni, ukisema naye polepole.

MAJI, KIVULI NA MGONGO

Farasi mkubwa hunywa maji lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Hizo ni ndoo nyingi. Anataka pia majani ya kutosha, chumvi na kivuli. Jua likiwa kali apumzike. Kazi yake iwe asubuhi na jioni.

Kabla ya kumtandika, pitisha mkono mgongoni. Ukikuta kidonda, usimtandike mpaka kipone. Kidonda hicho kinakuambia kwamba tandiko ni baya, au mzigo umezidi. Akiugua, mwite bwana mifugo mapema.

Huenda wewe huna farasi, lakini una punda. Mengi ya haya yanamfaa punda wako pia.

MFUPA WA NGAMIA

Kuna jambo jingine katika habari za Salme. Siku zile wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, lakini hawakufundishwa kuandika. Salme aliiweka Kurani mbele yake, akaiga herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alifanya hivyo kwa siri, siku baada ya siku, mpaka mkono ukazoea. Bila mkono huo, nasi tusingezisoma habari za farasi na punda wa Mtoni.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unaijua kazi hiyo. Mwalimu akikufokea, herufi zinakimbia. Akikuvumilia, zinarudi. Farasi naye ni hivyo hivyo.

Basi kesho binti yako akitaka kuishika kamba ya punda wa nyumbani, usimwambie kwamba hiyo ni kazi ya kaka yake. Simama naye, umwonyeshe. Na ile fimbo, iache nyumbani.