Swali la Jumapili lililotoka Freretown

Kwa abiria wa matatu za Kisauni, Mombasa, Kengeleni ni stendi tu. Makanga hulitaja jina mara mbili tatu, watu wakashuka, tuktuk zikajipenyeza mbele yao. Wachache hutupa jicho kwenye mnara mfupi ulioko hapo njia panda, na kengele inayoning'inia ndani yake. Kengele hiyo ndiyo iliyolipa eneo hili jina la Kengeleni. Ilikuwa ikigongwa kuwaonya wakaazi wa Freretown kwamba wateka watumwa wanakuja, kila mtu ajiokoe.

Freretown ilianzishwa na wamisheni wa Church Missionary Society (CMS) kati ya 1874 na 1875, muda mfupi baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa. Jina ni la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Unguja kuushughulikia mkataba huo. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi baharini, na baadhi ya waliookolewa wakateremshwa hapa, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa. Walitoka kila upande, wengine mbali kama Ziwa Nyasa. Hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Mjukuu wa mmoja wa watu hao alizaliwa Freretown mwaka 1940, akaitwa Leonard Mambo Mbotela. Baba yake, James Mbotela, alikuwa tayari ameandika kitabu, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa 1934. Kitabu hicho kinasimulia jinsi wazee wa Freretown walivyotekwa na jinsi walivyokombolewa. Kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwabebesha Waarabu karibu mzigo wote wa lawama, na mpaka leo wasomaji wa Pwani wanabishana juu yake. Lakini ni nadra kupata kitabu cha Kiswahili cha zamani hizo kilichoandikwa na mtoto wa mtumwa mwenyewe.

Leonard hakuifuata njia ya kitabu. Alijiunga na redio ya taifa mwaka 1964, mwaka uleule serikali ilipoichukua na kuiita Sauti ya Kenya. Miaka miwili baadaye, 1966, alianzisha kipindi kilichokaa hewani zaidi ya nusu karne, kikavuka utawala wa Kenyatta, wa Moi, wa Kibaki, na redio yenyewe ikarudishiwa jina lake la awali, KBC, mwaka 1989. Kipindi ni Je, Huu ni Ungwana?

Kilikuwa kipindi cha mijadala ya fikra, ingawa wasomi wakisikia maneno hayo hufikiria profesa watatu na mtangazaji wa kuwachokoza. BBC ina kipindi cha namna hiyo, The Moral Maze, ambapo watu wanabishana juu ya maadili kwa ukali wa mahakamani. Hicho kilianza 1990, Mbotela akiwa na miaka 24 kazini akiuliza swali lake bila profesa hata mmoja. Yeye aliegemea visa: kitendo cha mtu nyumbani, kazini, njiani, ndani ya gari au kwenye sherehe. Alikisimulia taratibu, kwa Kiswahili cha mtu wa Pwani aliyeishi na watu wa bara, kisha akauliza swali lililokuwa jina la kipindi. Wasikilizaji waliandika barua kuleta visa vyao.

Ufundi ulikuwa hapo. Swali lilimwachia msikilizaji kazi ya kuamua, na kazi hiyo aliifanya kwa sauti, mbele ya watu. Siku hizo redio haikuwa ya mtu peke yake. Nyumba moja ikiwa na redio ya mbao au transista, majirani walikuja kukaa kibarazani, na betri zikiishiwa nguvu zilianikwa juani ili zidumu mpaka Jumapili. Kisa cha mgeni asiyejua kuaga kikitangazwa, kila mmoja pale barazani alikuwa na mgeni wake akilini, na mara nyingine mgeni huyo alikuwa ameketi papo hapo. Mjadala halisi ulianza kipindi kilipokwisha. Ukaendelea kesho yake kwenye foleni ya feri Likoni na kwenye lango la kiwanda Changamwe, na baada ya miaka michache mtu hakuhitaji kuwa amesikiliza kipindi ili atumie swali lake. Likawa la kila mtu: la mama anayemkanya mtoto, la abiria aliyekanyagwa.

Watu wengi wamemsifu Mbotela kwa sauti na kwa ucheshi, na walimsifu tena alipofariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Mimi naona kuna jambo jingine ambalo watu wa upande wetu wa maji tungepaswa kuliona kwanza. Mvita ya zamani ilikuwa mji wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili yaliyogawanyika kuwa Tisa na Thelatha. Muungwana alikuwa mtu wa moja ya taifa hizo, mwenye nasaba ya kutajika. Mtumwa, hata awe na adabu kama malaika, hakuwa muungwana, na mwanawe alibebeshwa historia hiyo. Watu wa Freretown walitazamwa kutoka kisiwani kama watu wasio na kwao. Sasa mjukuu wao akawa ndiye anayeiuliza nchi nzima, kila Jumapili, nani muungwana. Na kipimo chake hakikuwa nasaba. Tajiri asiyesalimia alishindwa mtihani, mchukuzi aliyempisha mzee akaufaulu. Sijui kama aliwahi kulipanga hivyo kwa makusudi. Lakini kwa Mswahili anayejua historia ya mji huu, ni vigumu kulisikia swali hilo kutoka kinywani mwa mtu wa Freretown bila kutabasamu.

Kipindi kilikuwa na mpaka wake, na mpaka wenyewe ulikuwa wazi. Redio ilikuwa ya serikali. Mtu aliyetema mate njiani aliulizwa swali; mkubwa aliyejigawia kiwanja cha ufuoni hakuulizwa. Kwa Kisauni, ambako maskwota na ardhi ni kidonda cha miaka mingi, kimya hicho kilikuwa na uzito. Mbotela mwenyewe alikuja kufanya kazi katika kitengo cha habari cha Rais Moi, na hapo mtu hategemei maswali makali. Ungwana wake ulikuwa wa raia kwa raia.

Siku ambayo siasa ilimfuata mwenyewe inajulikana. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walioongozwa na Hezekiah Ochuka walimtoa nyumbani Nairobi wakampeleka stesheni kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kabla ya siku kuisha askari watiifu kwa Moi, chini ya Mahamoud Mohamed, walikuwa wameikomboa redio. Waasi wangeweza kumtafuta mtangazaji yeyote. Walimchukua huyu kwa sababu, nadhani, walijua Wakenya wamezoea kuamini anachosema.

Tangu miaka ya 1990, leseni zilipofunguliwa, Mombasa imejaa stesheni: Baraka, Rahma, Salaam, na Pwani FM ya KBC yenyewe. Simu zimechukua nafasi ya barua, na mijadala imekuwa mikali na ya haraka; mtu anapiga kutoka Mtongwe, anajibiwa kutoka Mikindani kabla hajakata. Siasa na ardhi zinazungumzwa waziwazi, na hilo ni faida ambayo Mbotela wa 1966 hakuwa nayo. Kilichopungua ni subira ya kukisikiliza kisa mpaka mwisho kabla ya kukihukumu.

Swali lake bado linatumika vichochoroni, na si mara zote linamshinda anayeulizwa. Juzi Mtopanga turubai la harusi lilikuwa limefunga barabara nzima, spika zikitikisa madirisha, na mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama akauliza kwa lafudhi ileile ya redioni: je, huu ni ungwana? Kijana aliyekuwa akifunga kamba alimpokea baiskeli, akampitisha nyuma ya masufuria ya pilau, akamwambia, "Si ungwana, mzee wangu, lakini ukumbi wanataka pesa ambazo bwana harusi hana. Na shughuli lazima iwe. Wewe ungetushauri tuifanyie wapi?" Mzee akaanza kutaja viwanja vilivyokuwa wazi zamani, kimoja kimoja, na kijana akawa anamwambia kila kimoja sasa kimejengwa nini.