Sauti ya kompyuta sokoni: gharama ipo kwenye marekebisho

WAFANYABIASHARA wa Mwanza wanaotaka kutangaza bidhaa zao kwa sauti za akili mnemba wanashauriwa kusikiliza kwanza mwisho wa kila sentensi. "Dagaa wamefika" na "Dagaa wamefika?" ni maneno yale yale. Katika Kiswahili kinachotenganisha taarifa na swali hapo ni kupanda na kushuka kwa sauti tu. Mashine iliyoambiwa ichangamke inaweza kupandisha sauti mwishoni, na tangazo lililolipiwa likageuka kuwa swali. Mnunuzi anayepita Mwaloni, Kirumba, hasimami kukijibu kipaza sauti.

Sauti yenyewe si ghali. Kampuni ya Microsoft inazo sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, zilizopewa majina ya Daudi na Rehema, na mbili za Kiswahili cha Kenya, Rafiki na Zuri. Huduma yake hiyo ina kiwango cha bure cha herufi 500,000 kwa mwezi. Tangazo la nusu dakika lina maneno 65 hivi, yaani herufi kama 450. Kwa hesabu hiyo, kiwango cha bure kinatosha matangazo zaidi ya 1,000. Mfanyabiashara anayetozwa fedha nyingi kwa maelezo kwamba mtambo ni ghali anauziwa mbuzi kwenye gunia. Kinachostahili malipo ni muda wa mtu anayekaa na maandishi, akasikiliza, akarekebisha na kusikiliza tena.

Saa na bei

Hasara kubwa zaidi inaweza kutokea kwenye tarakimu. Chukua mfano wa kubuni: tangazo la boti ya mizigo kwenda Nansio linaloandikwa "tunaondoka 8:00 asubuhi". Mtangazaji wa kawaida akiona hivyo atasema saa mbili bila hata kufikiri. Mashine husoma kilichoandikwa, nayo ikitamka "saa nane", mwenye mzigo atasikia saa nane mchana. Atafika gatini na magunia yake saa sita baada ya boti kuondoka. Dawa ni kuandika "saa mbili kamili asubuhi" kwa maneno, wala kompyuta isiachiwe kazi ya kukisia.

Bei nazo ni hivyo hivyo. "Sh 12,500/- kwa debe" ni alama ambazo jicho limezizoea, lakini kwa sikio inafaa iandikwe "shilingi elfu kumi na mbili na mia tano", kisha kituo kifupi, kisha "kwa debe". Msikilizaji hana karatasi ya kurudia kusoma. Bei itajwe mara mbili, ya pili polepole zaidi.

Majina ya hapa kwetu yana mitego yake. Neno "ng'ombe" likiandikwa bila kile kialama cha juu linaweza kutoka likiwa neno lisilojulikana mnadani. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 19, 2025, watu huliita kwa "Jei Pii", na anayetangaza usafiri wa Sengerema aandike hivyo hivyo, hata kama mwalimu wa Kiswahili atakunja uso. Maandishi ya tangazo la mashine hayaandikwi kwa ajili ya kusomwa na macho.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, ipo lugha ya alama iitwayo SSML, iliyopitishwa na shirika la viwango vya mtandao, W3C, mwaka 2004. Kwa alama hizo mtu anaiamuru sauti ipunguze kasi kwa asilimia 10 penye bei, au inyamaze nusu sekunde kabla ya jina la duka. Lakini nukta na mkato vikiwekwa mahali pake hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Sentensi ndefu yenye "ambayo" tatu haiokolewi na alama yoyote. Ikatwe.

Spika ya sokoni si ya studio

Kosa jingine ni kulikubali tangazo baada ya kulisikiliza kwa vifaa vya masikioni ofisini. Spika ya honi juu ya gari hupoteza sauti nzito, na mwangwi wa kuta na mabati hula mwisho wa maneno. Ile sauti nene ya kunong'ona iliyompendeza mwenye duka inaweza isisikike kabisa penye kelele za injini na wapakiaji. Sauti nyembamba kidogo, yenye kasi ndogo na vituo virefu, ndiyo inayofika. Tangazo la redio linahitaji marekebisho tofauti, kwa hiyo faili moja lisitumike kote kote. Majaribio yafanywe kwenye spika ile ile, mahali pale pale, saa ya soko.

Watangazaji wenye sauti zao nao hawajakosa soko. Orodha ya lugha za Microsoft haina Kisukuma, Kikerewe wala Kijita. Kwenye minada ya Magu na Misungwi, utani wa Kisukuma unaovuta wanunuzi bado unahitaji mtu mwenye koo. Wapo pia wanaoweza kushawishika kuiga kwa kompyuta sauti ya mtangazaji maarufu. Hilo ni la kuepukwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na kuchukua sauti ya mtu bila ridhaa yake ni kujitafutia kesi. Ridhaa iwe ya maandishi, na malipo yake yatajwe.

Aidha, bure si bure daima. Mpango wa bure wa ElevenLabs, kampuni nyingine ya sauti hizi, hauruhusu matumizi ya kibiashara. Tangazo la duka linataka mpango wa kulipia.

Katika kupatana bei na mtengenezaji, mfanyabiashara adai vitu viwili: faili la sauti, na maandishi yaliyorekebishwa pamoja na alama zake na jina la sauti iliyotumika. Bei ya dagaa ikibadilika Jumatatu, atabadilisha sentensi moja bila kulipia tangazo zima upya.