Mtoto anataka kusoma mazingira: tuuze mahindi?

Mwezi wa nane tulikuwa kwenye mkutano wa koperative moja ya barabara ya Kasenga. Tuliongea juu ya mbegu na deni la mbolea. Mwishoni mama mmoja akasimama: "Agronomo, mutoto yangu amepata diplome. Anasema atasoma environnement ku UNILU. Niko na mifuko kumi na mbili ya mahindi. Nikiuzisha yote, kazi ataipata?"

Tulimjibu haraka: masomo ni mazuri, mama, songa mbele. Watu wakapiga makofi. Lakini ndani ya gari, tukirudi Lubumbashi, hatukuwa na furaha. Sisi wenyewe tulitoka ku institut ya agronomia na diplome mkononi, na karibu miaka miwili tulipeleka barua kwenye milango ya kampuni. Mlinzi alikuwa anazipokea, basi, inaishia pale. Kazi ya kwanza iliyotulipa ilikuwa ya kujaza udongo katika sasheti za miche. Mzee tuliyekuwa naye hakusoma, lakini alijua mti kwa kunusa ganda lake. Alilipwa kutupita, na ilikuwa haki.

Sasa tunaandika jibu ambalo tungempa mama yule siku ile.

Wengi wakisikia "kazi ya mazingira" wanaona ofisi ya mine, kofia nyeupe na jeep. Kazi hizo zipo kweli. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni ichunguze madhara kabla ya kuchimba, iwe na mpango wa kulinda mazingira na watu, na irekebishe udongo ilioharibu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima maji na vumbi, na wa kuandika ripoti. Shida ni kwamba kampuni moja inahitaji watu wachache tu wa kazi hiyo, na vijana wanaomaliza masomo ni wengi kila mwaka. Anayeingia mara nyingi ni yule anayejua kemia vizuri, anayeandika Kifaransa safi, na aliyekwisha kufanya staji. Mama, kabla ya kuuza hata mfuko mmoja, mwambie mtoto aulize shuleni: staji wanaifanyia wapi? Laboratoire inafanya kazi? Wakimjibu kwa kuzungukazunguka, shika mahindi yako kwanza.

Halafu kuna kazi ambazo hazionekani kutoka barabarani. Anayekaa Lubumbashi anajua Penga Penga. Tangu mwaka 1911, kiwanda cha Union Minière, ambacho baadaye kilikuwa cha Gécamines, kilipoanza kuyeyusha shaba, upepo ulisukuma moshi upande ule. Miti ikafa, udongo ukabaki uchi, mvua ikaubeba. Watafiti wa agronomia wa UNILU pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu huko majani madogo yanayoitwa Microchloa kunthii. Yanaota yenyewe kwenye milima ya shaba. Walichanganya chokaa na komposti katika udongo, kisha wakapanda. Majani hayo hayaondoi shaba. Yanashika udongo ili vumbi lisiruke na sumu isishuke. Kazi ya namna hiyo professor hawezi kuifanya peke yake. Lazima kuwe na mtu wa kung'oa majani mlimani, kuyagawanya, kuyapanda na kuyafuata mvua kwa mvua. Mtoto wa mkulima anaiweza kuliko mtoto wa mjini.

Na kuna pori letu, miombo. Mji unapika na makala, na kila mwaka wachomaji wanaenda mbali zaidi. Lakini musamba na mutondo zikikatwa zinachipuka tena kwenye kisiki, kama moto wa mwezi wa tisa na wa kumi hauziui. Wale wanaochoma majani mapema, mwezi wa tano, majani yakiwa bado na maji kidogo, wanajua tofauti. Tena dekreti ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu kijiji kuomba pori lake, mpaka hektari 50,000. Ili kulipata na kulitunza, lazima kuchora karata, kuhesabu miti na kuandika mpango. Nani ataifanya? Leo wanaletwa watu kutoka mjini, na wakifika porini wanamuuliza mchoma makala majina ya miti.

Hapo tukakumbuka kitu. Mtoto wa yule mama anachoma makala na mjomba wake kila kiangazi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: aanze na kitalu kidogo nyuma ya nyumba, sasheti mia mbili, si elfu tano. Tumeona vitalu vikubwa vikikauka siku ile mradi ulipokwisha, sababu mnunuzi alikuwa mmoja tu. Aweke avoka na embe ambazo majirani watanunua, na hizo zilipe maji ya musamba. Maganda ya musamba ayachume kabla hayajapasuka, sababu yakipasuka yanarusha mbegu mbali. Aandike katika kaye tarehe, mti, idadi zilizoota. Akienda kuomba staji na kaye ile, atakuwa na kitu cha kuonyesha ambacho wenzake hawana.

Mwezi wa kumi tulirudi. Mama alikuwa ameuza mifuko mitano kwa ajili ya kuandikisha mtoto. Saba ingali katika gala. Kijana alitupeleka nyuma ya nyumba. Sasheti zilikuwa sitini na nane, alizihesabu mbele yetu. Tukatoa orodha yetu ya miti yenye picha, ile tunayogawa katika koperative zote. Akaiangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye picha ya tatu.

"Agronomo, hii hapana mutondo."

Alikuwa na haki. Tunaichapisha upya.