Fahamu: Mkataba wa manufaa kwa jamii, zaidi ya fidia
Mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Mradi kama huo ukibisha hodi, wengi wetu huuliza jambo moja tu: fidia shilingi ngapi? Fidia ina sheria yake tangu 1967, nayo humtazama zaidi mwenye ardhi. Mama anayeanika dagaa kwenye chanja za kukodi pale Katonga, Kigoma, hana kiwanja cha kuthaminishwa.

Hapo ndipo unapoingia mkataba wa manufaa: mwekezaji na wakazi wanaandikiana ajira zitakuwa ngapi, maji yatafika wapi, njia ya kwenda ziwani itabaki na upana gani, na nani atakagua. Migodi imeshabanwa: tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inaitaka kila mwaka ikubaliane na halmashauri mpango wa kuhudumia jamii. Kwa hoteli ya ufukweni au bandari, ahadi ya jukwaani haitoshi.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, jirani, nenda. Dai muhtasari usomwe kwa sauti kabla hujaweka sahihi, mahudhurio yasije yakahesabiwa kuwa ridhaa.