Ndai Imegonga Nduthi Ikahepa? Kachembe ka Rangi Kanaweza Kuichoma

Cheki hii. Ni usiku, barabara ya Marafa kwenda Malindi. Ndai inagonga nduthi, dere anakanyaga mafuta, huyo! Kamera hakuna, namba hakuna aliyeisoma. Asubuhi vioo vinafagiliwa kando, na nyumbani mathe anafua nguo za kijana wake zimejaa damu. Kesi imeisha hapo. Inauma, juu kwa hiyo nguo huenda shahidi alikuwepo: kachembe ka rangi kadogo kuliko punje ya mchele.

Rangi ya gari si koti moja. Ya kiwandani kawaida ni nne: ya kuzuia kutu, ya kusawazisha, ile unaiona, halafu vanishi juu. Ukikata kachembe ukaangalie kwa hadubini, unaona zimepangana kama chapati. Na wale wajanja hukimbilia fundi wa jua kali apige rangi mpya? Tabaka za zamani bado ziko chini. Tena gari iliyopakwa mara mbili tatu inakuwa na mpangilio wake, kupata ingine kama hiyo ni ngori.

Sasa pigimenti, yaani zile chembe zinaleta rangi yenyewe. Ushafika Nyari, korongo la Marafa wenye watalii huita Hell's Kitchen? Ule wekundu ni oksidi ya chuma, na hutumika pia kwa rangi za magari. Lakini nyekundu nyingi kali ni kemikali za kutengenezwa, kama kwinakridoni. Bluu mara mingi ina shaba ndani. Silva ni vipande vya alumini. Macho yako yanaona nyekundu mbili sawa, leza haidanganyiki: mashine ya Raman inamulika chembe, mwanga unaorudi umebadilika kidogo, na kila pigimenti hubadilisha kivyake. Ushahidi hauharibiki.

Noma ni nyeupe, na si unajua vile Probox nyeupe zimejaa. Karibu zote zina titani dioksidi, ile madini yake yalichimbwa Kwale mpaka mwisho wa 2024. Hapo pigimenti peke yake haitoshi, lazima wapime pia resini na tabaka za chini. Na bila gari ya kulinganisha, kachembe hakawezi kutaja dere.

So ukifika kwa ajali, usifagie. Nguo zisifuliwe wala kukung'utwa. Zikunje kwa karatasi safi, wape polisi, na uulize zimeandikwa wapi.