Utumbo Unapokosa Maji

Mtoto mchanga hutarajiwa kupata choo chake cha kwanza, kile cheusi kinachonata, ndani ya siku mbili tangu azaliwe. Wengine hawakipati. Tumbo linavimba, mtoto anatapika nyongo, na daktari wa upasuaji anaitwa haraka. Kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa na saistiki faibrosisi, 10 hadi 20 huanza maisha hivyo. Ugonjwa huu husifika kwa kuharibu mapafu, lakini mara nyingi utumbo ndio unaoutangaza.

Ni ugonjwa wa kurithi, unaoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989 na timu za Lap-Chee Tsui na Jack Riordan wa Toronto na Francis Collins wa Michigan. Jeni hiyo huunda CFTR, protini iliyo mlango wa kloraidi kwenye utando wa seli. Kloraidi ikitoka, sodiamu huifuata, kisha maji, na choo hulainika. Sumu ya kipindupindu huulazimisha mlango huohuo ubaki wazi, ndiyo maana mgonjwa huharisha maji kwa lita. Kwenye saistiki faibrosisi mambo ni kinyume: mlango ni mbovu au haupo kabisa.

Je, seli haina njia nyingine? Kwenye mapafu inayo. Kalsiamu, madini yaleyale ya mifupa, ikipanda ghafla ndani ya seli huwa ni amri. Katika njia ya hewa amri hiyo hufungua mlango mwingine wa kloraidi, TMEM16A, uliotambuliwa mwaka 2008. Utumbo haukujaliwa hivyo. Humo kalsiamu hufungua hasa milango ya potasiamu upande wa damu, na potasiamu ikitoka, kloraidi husukumwa kwenda upande wa pili. Msukumo upo; pa kutokea ni CFTR, basi.

Maabara huliona hilo kwa macho. Kipande kidogo cha utando wa puru hubanwa katikati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi, katika kifaa kilichobuniwa na Mdenmaki Hans Ussing, kisha hutiwa karbakoli, kemikali inayopandisha kalsiamu. Kwa asiye mgonjwa, mkondo wa umeme hupanda kwa kuwa kloraidi inamiminika. Kwa mgonjwa aliyepoteza CFTR kabisa, mkondo hugeuka: potasiamu ndiyo inayotoka. Madaktari hutumia kipimo hiki pale kipimo cha jasho kinapowaacha njia panda.

Wazo la kuitumia kalsiamu kama tiba lilijaribiwa kwenye mapafu kwa dawa ya kuvuta, denufosoli. Mwaka 2011 jaribio lake kubwa liliambulia patupu. Ushindi ulipatikana kwa kuirekebisha CFTR yenyewe: Oktoba 2019 Marekani iliidhinisha Trikafta, mchanganyiko wa dawa tatu kwa wenye kasoro iliyo ya kawaida zaidi, ile iitwayo F508del.